Matunzo ya tela la hema kwa sisi wa pwani ya Mtwara na Lindi (uzi maalumu)

Mvuta Tela – Mtwara

Wakuu, heshima kwenu.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenye matela ya hema, yale ya kuvutwa na gari ambayo ukifika kambini unafungua kifuniko na hema linasimama juu yake pamoja na vitanda. Huku kwetu yameanza kuonekana. Wapo wanaopeleka wageni Kilwa na Tendaguru, wapo wenye familia wanaoshukia Msimbati mwisho wa wiki, na mengi yamenunuliwa yakiwa yametumika Afrika Kusini. Ninachokiona kila mwaka ni kwamba mtu ananunua tela zima, anapiga safari chache, analiegesha nyuma ya nyumba pale Shangani au Rahaleo, kisha msimu unaofuata akilifungua turubai lina madoa meusi, zipu hazitembei na beringi zinalia. Ukimuuliza anasema ni barabara mbovu. Barabara inasingiziwa. Tela la hema huku pwani linaharibika likiwa limesimama.

Sababu kubwa ni chumvi. Kusi ikivuma inarusha chembe za maji ya bahari hadi ndani ya nyumba, sembuse turubai lililofunguliwa ufukweni. Huioni kwa macho, lakini pitisha kidole kwenye turubai kisha kilambe, utaionja. Na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani. Turubai lenye chumvi unaweza kulianika kutwa, saa kumi jioni likawa kavu kabisa, ukalikunja na kulifungia. Usiku linarudia unyevu lenyewe humo ndani ya kifuniko. Hapo ukungu hausubiri mvua.

Kwa hiyo nikirudi kutoka Msimbati au Mchinga, kazi ya kwanza ni kulifungua tela nyumbani na kulipiga maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, juu kuteremka chini, nje halafu ndani, hasa yale mapindo ya chini ambako mchanga hujificha. Nasema maji baridi kwa maana yake, siyo ya kisima chochote. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na ukioshea maji hayo umerudisha kilekile ulichotaka kukitoa. Onja kwanza. Maji ya mvua yaliyokingwa ni mazuri kuliko yote.

Tumia brashi laini. Sabuni ya unga siikubali kabisa, maana turubai hutiwa dawa ya kukinga maji kiwandani. Sabuni ya unga inaiondoa dawa hiyo, halafu mabaki yake yanakaa kwenye nyuzi na kuvuta maji. Penye doa la mafuta napaka sabuni ya mche kidogo kwa kidole na kusuuza hadi povu liishe. Na tafadhali msilipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari. Yale maji ya kasi yanapenya kwenye mishono, na mbaya zaidi yanapita kwenye sili za magurudumu (zile pete za kuzuia maji yasiingie) hadi kwenye grisi.

Kukausha kunataka upepo zaidi ya jua kali, madirisha yote wazi. Mahali pa mwisho kukauka ni kwenye mishono na ule ukingo ulioshikiliwa kwa boliti kwenye boksi. Pabane kwa vidole viwili. Ukisikia ubaridi, bado.

Halafu chini ya tela, ambako wengi hawainami. Springi, ekseli, shingo ya kuvutia, vyote vipigwe maji. Fremu nyingi ni bomba za mraba, na chumvi inaingia kupitia matundu ya boliti, kutu inaanzia ndani usikokuona. Mimi naingiza mpira wa maji kwenye tundu la upande mmoja na kuyaacha yatiririke upande wa pili hadi yatoke masafi. Mwanzo huwa yanatoka rangi ya chai. Fremu ikiwa ya kuchovywa zinki, kila palipochubuka piga msasa na upake rangi yenye zinki. Ukichomelea mahali popote, jua kwamba moto umeunguza zinki pande zote mbili za bomba, siyo upande ule unaouona tu.

Mafundi wa magurudumu, wa turubai na wa umeme najua mpo humu. Karibuni tujaze uzi.

Kijana wa Chikongola

Asante sana mkuu, nondo za maana hizi. Langu tayari lina madoa meusi upande wa kitanda, yameenea karibu nusu ukuta. Jirani ameniambia nipake jiki yatatoka siku moja. Nifanye hivyo?

Mama Cherehani – Mikindani

Mwanangu, jiki iweke mbali. Madoa yatatoka kweli, lakini jiki inakula nyuzi za pamba na rangi, na dawa ya kukinga maji inaondoka nayo. Turubai linaweza kuwa jeupe zuri leo, baada ya muda ukalivuta likachanika kama karatasi. Nimeletewa ya namna hiyo nishone. Hayashoneki, sindano ikipita tu tundu linafunguka.

Fanya hivi. Siku ya jua na upepo, lifungue, jifunge kitambaa puani, sugua madoa yakiwa makavu kwa brashi laini hadi ule unga utoke. Usiufanyie kazi hiyo ndani ya nyumba, vumbi lake linaumiza kifua. Kisha changanya siki nyeupe kikombe kimoja na maji vikombe vinne. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Rangi isipobadilika, pakaza pote penye madoa, acha nusu saa, sugua taratibu, suuza kwa maji mengi, kausha hadi ndani ya mishono. Rudia siku nyingine ikibidi. Alama hafifu ya kawa inaweza kubaki, isikusumbue, muhimu ukungu ufe.

Baada ya hapo ujue dawa ya kukinga maji imepungua. Ipime kwa kunyunyiza maji. Yakisimama matone na kuteremka, dawa ipo. Yakitanda na kitambaa kikabadilika rangi pale, imekwisha. Nunua dawa ya mahema ya turubai, ile ya silikoni au ya nta, upake mara mbili nyembamba turubai likiwa kavu na safi. Msipake rangi ya nyumba wala varnishi, nimeyaona hayo pia.

Wenye turubai jipya msishtuke mvua ya kwanza ikidondosha matone kwenye mishono. Lilowesheni nyumbani na kulikausha mara kadhaa kabla ya safari. Nyuzi za pamba zinafura na kuziba matundu ya sindano. Mtu asipojua hili anakimbilia kupaka gundi mishono yote.

Kuhusu uzi wa kushonea: polista nene. Nailoni ina nguvu lakini jua letu linaila haraka. Kiraka kipite ukingo wa tundu sentimita 3 kila upande, pembe zake zikate ziwe mviringo maana pembe kali ndizo zinazoanza kubanduka, na shona mistari miwili. Kitambaa cha kiraka kiwe na uzito uleule. Kiraka kizito kwenye turubai jepesi kinavuta na kuchana pembeni yake.

Zipu zinauawa na mchanga. Mswaki na maji baridi, kisha zikikauka sugua mshumaa juu na chini. Mafuta ya cherehani usitie kwenye zipu ya hema, yanashika mchanga na kuufanya msasa. Na zipu inayofunguka nyuma ya kichwa baada ya kupita, meno yake mara nyingi ni mazima, kichwa ndicho kimepanuka. Kibane kwa koleo kidogokidogo, kushoto na kulia, au badilisha kichwa peke yake. Msing'oe zipu nzima na kulipia kazi ya kutwa.

Mzee Nanga – Kilwa Kivinje

Wanangu, mimi tela sina. Nimekaa na matanga tangu ujana wangu na nimesoma uzi huu kwa furaha, kwa sababu turubai na tanga ni ndugu. Naongeza mambo mawili tu. Tanga halikunjwi bichi. Ukilazimika kulikunja bichi, kesho yake lazima lifunguliwe, siyo keshokutwa. Na la pili, msikunje kwenye mstari uleule kila mara. Nyuzi za penye mkunjo zinachoka na maji yanapita hapo kwanza. Badilisheni mkunjo hata kwa shubiri moja.

Kijana wa Chikongola

Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, vyombo vya baharini vinapakwa sifa, yale mafuta ya papa, kuzuia maji yasiingie kwenye mbao. Je, sifa haiwezi kufaa kwenye turubai badala ya hizi dawa za dukani?

Mzee Nanga – Kilwa Kivinje

Marahaba mwanangu. Haifai. Mbao inainywa sifa na inaihitaji. Kitambaa kikitiwa mafuta ya papa kinakuwa kizito, kinashika uchafu wote, kinanuka, panya watakifuata, na kikikaribia moto hukizimi. Mfuate huyo mama wa Mikindani.

Fundi Habu – Mnazi Mmoja, Lindi

Nimeitwa niseme kuhusu magurudumu. Nitaeleza kwa kirefu maana hapa ndipo watu wanapokwama porini.

Gari linakuambia likiumwa, unasikia usukani, unasikia mlio. Tela liko nyuma, hulisikii. Beringi inakufa taratibu hadi gurudumu linachomoka na kukupita. Kwa hiyo kila unaposimama kunywa chai, Nangurukuru, Somanga, popote, shuka, weka kiganja kwenye habu zote mbili, pale katikati ya gurudumu penye beringi. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa moja imeizidi mwenzake waziwazi, au huwezi kuweka mkono, usiendelee.

Nyumbani piga jeki gurudumu moja moja, gurudumu la upande wa pili likiwa na kabari mbele na nyuma. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, beringi imelegea au imelika. Lizungushe kwa mkono na usikilize. Mlio wa kukwaruza maana yake grisi imeingia maji au mchanga.

Kubadilisha grisi ni kila mwaka au kila kilomita 10,000, kinachotangulia. Lakini aliyeingiza magurudumu kwenye maji, hasa ya bahari, asihesabu mwaka. Sikieni sababu yake. Unapofika Msimbati habu ina joto, hewa iliyomo ndani imepanuka. Ukiizamisha majini inapoa ghafla, hewa inajikunja, na habu inanyonya maji kupitia kwenye sili. Kaa nusu saa kabla ya kugusa maji. Na kama ilizama kwenye maji chumvi, nifungulie wiki hiyohiyo.

Ukifungua, toa grisi yote ya zamani. Osha beringi kwa mafuta ya taa, pangusa, acha ikauke yenyewe. Usiipulizie upepo wa kompresa ikazunguka kwa kasi, inaweza kurusha roli zake (vile vyuma vidogo vinavyozunguka ndani yake) na kukuumiza. Iangalie mwangani. Roli na kikombe (ile pete ya nje ambayo roli zinazungukia) viwe na mng'ao mmoja. Ukiona alama za bluu, ilipata moto. Ukiona vishimo vidogo au mistari ya kutu inayofuatana kwa umbali sawa na roli zenyewe, hiyo ilikaa na maji bila kuzunguka. Hii ya pili ndiyo ninayoiona zaidi huku kwetu, na ndiyo inayomthibitisha mwanzisha uzi: tela liliegeshwa na maji ndani. Beringi ya hivyo inabadilishwa pamoja na kikombe chake, haiunganishwi nusu mpya nusu zee.

Grisi usipake kwa juu. Weka donge kiganjani, kandamiza upande mpana wa beringi juu yake hadi uione ikitokeza upande wa pili kati ya roli, zungusha, endelea hadi umemaliza duara. Sili mpya kila mara, ni kitu cha bei ndogo. Kaza nati huku unazungusha gurudumu hadi uhisi zito, kisha ilegeze, kaza tena kwa vidole tu, halafu weka kipini kipya cha kufungia. Kile cha zamani ukikikunja tena kinakatika. Nati za magurudumu zikazwe kwa kupishana, siyo kwa kufuata mzunguko, na baada ya kilomita 50 hadi 100 simama uzikaze tena. Hilo la mwisho watu hawalifanyi, na nati hulegea.

Dereva wa Nangurukuru

Fundi, tairi hujazigusa. Mimi za tela langu kashata (meno ya tairi) zimejaa kabisa, ila mtu mmoja kaniambia nizitoe. Naona ni kupoteza hela.

Fundi Habu – Mnazi Mmoja, Lindi

Tairi la tela ndugu yangu halifi kwa kashata, linakufa kwa umri, maana halitembei kilomita nyingi. Angalia ubavuni, kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Zikiwa 2317, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Likishapita miaka mitano likague kila safari. Likifika saba mimi siliruhusu, hata likiwa na kashata za dukani. Likunje ubavu kwa kidole gumba utazame nyufa ndogo. Na tairi la akiba lina umri uleule, watu wanalisahau kwa sababu halijawahi kugusa lami.

Tela likikaa muda mrefu, liweke juu ya stendi za chuma chini ya ekseli, tairi zifunike magunia jua lisizipige. Upepo ujazwe tairi likiwa baridi, kiasi kilichoandikwa kwenye kibati cha tela. Kwenye mchanga wa Msimbati unapunguza hadi PSI 18 au 20, gari na tela pia, unakwenda taratibu, na ukirudi kwenye barabara ngumu unajaza palepale. Tembea na pampu ya kuchomeka kwenye gari. Tairi lenye upepo mdogo kwenye lami linachemka na kupasuka.

Mkulima wa Tandahimba

Naona hakuna aliyetaja salfa, na huku kwetu ndilo jambo lenyewe. Kuanzia Mei au Juni tunapuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, alfajiri upepo ukiwa umetulia na majani yana umande. Ukiegesha tela karibu na mashamba, iwe Newala, Nanyamba au hapa, asubuhi unalikuta limefunikwa unga wa njano. Usilimwagie maji kwanza. Pangusa kavu kwa brashi, ndipo uoshe. Salfa ikikaa na unyevu muda mrefu inageuka kuwa tindikali taratibu, nayo inakula bati, alumini na boliti. Na salfa inawaka. Usiwashe jiko kando ya turubai lililojaa unga ule.

Jambo la pili, msiegeshe chini ya mkorosho wakati wa mabibo, kivuli kile kinatamanisha lakini maji ya bibo yakidondokea turubai doa halitoki, na mafuta ya ganda la korosho yanaunguza hata ngozi ya mtu. Chini ya mnazi sihitaji kusema.

Mama Cherehani – Mikindani

Kuhusu bibo ni kweli kabisa kaka. Nimejaribu siki, ndimu, sabuni ya mche. Halitoki. Unachoweza ni kuliwahi likiwa bichi kwa maji mengi.

Binti Mtanda – Lindi Mjini

Habari zenu. La kwetu si la kukunjua, ni lile ambalo paa lake gumu linapanda lote kwa kuzungusha mkono wa winchi, halafu vitanda vinavutwa nje pande mbili. Nyaya za chuma zinapita kwenye kapi hadi nguzo nne za pembeni. Nieleze tunavyolitunza maana haya ni machache na mafundi wengi hawayafahamu.

Kwanza tela lisimame sawa kabla ya kupandisha paa. Tunaweka pima maji sakafuni. Likiinama, nguzo moja inabeba kuliko nyingine na waya wake unatanuka. Miguu ya pembeni tunaishusha baada ya kusawazisha, na tunaitumia kutuliza tu. Anayeinulia tela kwa miguu ile anaikunja, au anaipinda fremu na mlango haufungi tena.

Paa lipande tupu. Watu wanaweka viti, ubao wa sola na maboya juu kisha wanazungusha winchi. Mzigo wote huo uko kwenye waya mwembamba. Ukizungusha ukasikia uzito usio wa kawaida, simama utazame kapi ipi imekwama. Kutu ya kapi huanzia kwenye pini yake. Kapi tunazipulizia kilainishi cha silikoni, siyo grisi nzito, kwa sababu ya mchanga. Waya ukikaguliwa pitisha kitambaa, siyo mkono mtupu. Uzi mmoja uliokatika unanasa kitambaa na unajua umeanza kulika. Tunabadilisha zote kwa pamoja, siyo ule mmoja.

Na paa likiwa juu kwa ajili ya matengenezo, weka mbao za kuzuia kwenye pembe zote nne kabla mtu hajaingiza kichwa. Watoto wasikaribie winchi. Mkono wake ukiponyoka unazunguka kwa nguvu ya kuvunja kiganja.

Umeme Jua – Masasi

Naongezea ya umeme na gesi kwa kifupi.

Taa za nyuma zikigoma, asilimia kubwa ni ethi, ule waya wa kurudishia umeme. Safisha kwa msasa pale waya wa ethi unapofungwa kwenye fremu hadi chuma king'ae, kaza, paka vaselini juu. Ndani ya plagi ya kuunganishia na gari paka kidogo pia, na plagi isining'inie ikiburuzwa.

Betri ya maji ya volti 12 ikijaa na kupumzika inasoma 12.6 hivi. Ikishuka 12.2 imebaki nusu, chaji. Ukiiacha chini ya hapo wiki nyingi kwenye joto letu inaganda ndani na hairudi. Ongeza maji ya betri tu, usiweke ya bomba. Tela likiegeshwa, ikate betri kwenye nyaya au uiachie ubao mdogo wa sola wenye kidhibiti chaji.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini. Sanduku la mtungi lazima liwe na tundu la hewa sakafuni, na tundu hilo lisizibwe kwa kuogopa vumbi. Maungio yote pima kwa povu la sabuni, kamwe usitumie kiberiti. Mpira wa gesi ukiukunja ukaona nyufa, tupa. Na kabla ya kuwasha jiko lililokaa muda, chungulia kwenye mirija yake. Nyigu hujenga udongo humo ndani. Moto ukiwaka wa njano wenye masizi, mara nyingi ni hao.

Dereva wa Nangurukuru

Swali kwa wote. Nimenunua nailoni nene nyeusi, ile karatasi ya plastiki, nataka nilifunge tela lote lisipate mvua wala vumbi. Kuna ubaya?

Mvuta Tela – Mtwara

Ubaya upo mkuu. Nailoni haipumui. Mchana jua linapasha, unyevu wa ardhini na wa ndani ya tela unapanda, usiku unageuka maji upande wa ndani na kudondokea kifuniko. Ukinyanyua asubuhi utakuta imelowa na mvua haijanyesha. Bora banda la makuti au mabati lililo wazi pande zote, upepo upite. Chini pawe na zege au kokoto, siyo nyasi. Huna banda, tumia kifuniko cha kitambaa kinachopumua na uache nafasi ya hewa.

Makuti yana shida moja, yanakaribisha panya. Panya akiingia kwenye turubai lililokunjwa anatoboa tabaka zote kwa mkupuo, ukilifungua unaona matundu yamepangana mstari. Usiache hata punje ya mchele kwenye makabati. Matundu yote ya sakafuni panapopita nyaya yazibe kwa waya wa kusugulia sufuria. Magodoro toa, yakae ndani ya nyumba.

Kijana wa Chikongola

Wakuu nashukuru, nimeshanunua siki. Sasa hizi kazi zote zifanyike lini? Na mtu akinyeshewa njiani akakunja bichi bila kupenda afanyeje? Naulizia hili kwa sababu Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga kuna watu walikaa njiani na mizigo imelowa.

Mvuta Tela – Mtwara

Kazi kubwa ifanywe Oktoba, kabla ya mvua zetu ambazo kwa kawaida zinaanza Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Oktoba hewa ni kavu kiasi, turubai linakauka, dawa inashika, na fundi wa beringi hajajaa kazi. Ndani ya mvua, kila wiki mbili ikitokea siku ya jua lifungue hata kwa muda wa saa tatu, lipate hewa, kisha lifunge. Mvua zikiisha, lioshe mara moja kwa maji baridi na ukague fremu.

Ukikwama na tela bichi, usikae ukisubiri kufika. Egesha penye tambarare na pa juu, mbali na mkondo wa maji, funga breki na weka kabari. Mvua ikipumua fungua kifuniko upande wa upepo, vuta turubai litoke kwenye mikunjo yake hata kama husimamishi hema zima, pangusa mishono na ukingo wa boliti kwa taulo. Toa magodoro kwanza kabla hayajanywa maji, yahamishie kwenye gari. Wakati wa kukunja tena weka khanga kavu kati ya mapindo, ubadilishe zikilowa. Kwenye joto la huku una siku moja, ukibahatika mbili, kabla ukungu haujaanza. Ukifika nyumbani saa tano usiku, lifungue usiku huohuo chini ya banda, uliache wazi hadi asubuhi.

Na Kijana wa Chikongola, ukimaliza kusugua na siki tuwekee picha za ule ukuta wa kitanda, Mama Cherehani akutazamie kama nyuzi bado zina nguvu ya kushika kiraka.